Uzio, Nafaka na Jirani Asiyejulikana

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo



Tunajua kwamba baadhi yenu mmeshangaa kuona katika ratiba ya semina ya Haki na Amani saa nzima imetengewa kitabu cha hadithi, tena hadithi ya nchi isiyokuwepo. Mzee wetu mmoja ametuuliza mlangoni kama tumekosa ya kwetu ya kuzungumza. Swali hilo ni halali, nasi hatutaondoka hapa bila kulijibu. Kwa sasa tuseme tu kwamba jambo hili lililetwa kwetu na vijana. Waliona filamu iliyotoka mwaka 2012, wachache wao wakasoma na kitabu chenyewe, na wazazi kadhaa wakaja kwetu wakitaka tupige marufuku kitu ambamo watoto wanauana mbele ya kamera. Tulikisoma kwa nia ya kukikataza. Tulipofika mwisho tuliona ni afadhali kikazungumzwe.

Kitabu kinaitwa The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa. Mwandishi ni Mmarekani, Suzanne Collins. Alikitoa mwaka 2008, na viwili vya kuikamilisha hadithi vikafuata mwaka 2009 na 2010. Ameeleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha vituo vya televisheni: kituo hiki vijana wakishindania zawadi, kituo kile picha za vita vya Iraki, hata picha hizo zikaanza kuchanganyika machoni pake. Chimbuko jingine ni kisa cha kale cha Wagiriki, kuhusu mji wa Athene uliolazimishwa kupeleka Krete vijana saba wa kiume na saba wa kike wakaliwe na dubwana.

Nchi ya hadithi inaitwa Panem. Wazee waliofundishwa Baba Yetu kwa Kilatini wanalitambua neno hilo, kwa maana ndilo mkate tunaouomba kila siku. Lakini mwandishi amelitoa katika usemi wa Warumi juu ya watawala waliowanyamazisha raia kwa mkate na michezo. Panem imesimama pale palipokuwa Amerika ya Kaskazini, baada ya ukame, tufani, moto, bahari kumeza nchi kavu, na vita vya kugombea chakula kidogo kilichosalia. Mji mkuu, Capitol, uko katika milima ya Rocky, na umezungukwa na wilaya. Wilaya hizo zilikuwa 13. Ziliasi, zikashindwa, na ya 13 ikatangazwa kuwa imeangamizwa kabisa. Zile 12 zilizobaki zikapewa adhabu isiyo na mwisho: kila mwaka kila wilaya itoe mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Vijana hao 24 hufungiwa katika uwanja mkubwa, wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima hulazimishwa kutazama. Hadithi inapoanza, jambo hilo limekwisha kufanyika mara 73.

Watu wengi wanapokisimulia kitabu hiki husimulia uwanja, mishale na damu. Sisi tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie zaidi uzio, maana uwanja ni wa majuma machache kwa mwaka, na uzio ni wa siku zote.

Kila wilaya imezungushiwa uzio wa waya, na kila wilaya imepewa kazi yake. Wilaya ya 12, anakotoka msichana Katniss Everdeen anayetusimulia, inachimba makaa ya mawe. Ya 11 inalima mashamba na bustani za matunda. Ya 4 ni wavuvi, ya 7 wakata miti, ya 8 wafuma nguo, ya 9 wakulima wa nafaka, ya 10 wafugaji, na kadhalika. Mtu anayesoma haraka atadhani huu ni mpango mzuri wa uchumi, kila mahali pazalishe kinachopafaa. Lakini angalieni njia za reli. Bidhaa zote zinakwenda Capitol, na raia wa wilaya moja haruhusiwi kukanyaga wilaya nyingine ila kwa kazi rasmi. Mchimba makaa hawezi kula makaa. Mfuma nguo hawezi kula nguo. Hakuna wilaya inayoweza kuishi peke yake, na wala hakuna inayoruhusiwa kubadilishana na jirani. Kila moja inamhitaji mtawala ili ipate kile ambacho jirani yake anacho tele.

Hata shule inafuata uzio. Katniss anatuambia kwamba, ukitoa kusoma na hesabu, karibu yote aliyofundishwa yalihusu makaa, isipokuwa somo moja la kila juma juu ya historia ya nchi, na hilo lilikuwa la kuwakumbusha deni lao kwa Capitol. Hajui watu wa wilaya ya 11 wanaishije. Hana njia ya kujua.

Hapa pana ukurasa ambao tuliurudia mara kadhaa. Ndani ya uwanja, Katniss anakutana na mtoto wa miaka 12 kutoka wilaya ya 11, jina lake Rue, mkubwa katika familia ya watoto sita. Wanafanya urafiki, wanachoma ndege wa porini, na Katniss anampa paja zima. Mtoto anashangaa, kwa sababu hajawahi kupata paja zima peke yake. Katniss naye anashangaa. Siku zote alidhani watu wa wilaya ya 11 wanakula vizuri kuliko wao, maana si ndio wanaolima? Rue anamweleza kwamba hawaruhusiwi kula wanachovuna, na kwamba anayekamatwa akifanya hivyo huchapwa viboko mbele ya wote, walazimike kuona. Ndipo Katniss anajiuliza kama mazungumzo yao yanaonyeshwa kwenye televisheni, au kama yamekatwa, kwa kuwa watawala hawapendi watu wa wilaya mbalimbali wajuane.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Watoto hawa wamewekwa pale ili wauane, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yao watu wa wilaya zao mbili kukaa pamoja na kuulizana: kwenu mnakula nini?

Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi huko Kenya waliujua uzio wa namna hii usio na waya. Waliuvaa shingoni. Kipande, chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, kilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa kwa kamba, na mtu aliyeondoka kazini kabla mwajiri hajatia sahihi alikuwa mhalifu. Hayo yamepita. Hata hivyo hapa parokiani kwetu sisi wa mlimani tunasema watu wa bondeni hawajui njaa, kwa sababu wanalima mpunga. Nani kati yetu amewahi kushuka akawauliza mpunga ule ni wa nani?

Sasa tuje kwenye nafaka, na hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu kuna hesabu kidogo.

Jina la kila kijana huandikwa kwenye karatasi na kutiwa katika chombo kikubwa cha kioo. Akiwa na miaka 12 jina lake linaingia mara moja, akiwa na 13 mara mbili, hivyo hivyo mpaka mara saba akiwa na 18. Mpaka hapo watoto wa tajiri na wa maskini wako sawa. Lakini ipo kanuni nyingine. Kijana mwenye njaa anaweza kuomba kitu kinachoitwa tesera, yaani posho ya nafaka na mafuta kwa mtu mmoja, ya mwaka mmoja, tena haba. Malipo yake ni kuongeza jina lake mara moja zaidi katika chombo. Anaweza kuomba kwa ajili yake na kwa kila mtu wa nyumbani kwake, na karatasi zilizoongezwa hazitolewi tena mwaka unaofuata. Katniss alipofikisha miaka 12 baba yake alikuwa amekwisha kufa mgodini, naye akachukua tesera tatu: yake, ya mama yake na ya mdogo wake Prim. Jina lake likaingia mara nne. Akiwa na miaka 16 liko mle mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na familia ya watu watano, yumo mara 42. Binti wa meya, ambaye hajawahi kulala njaa, yumo mara tano hivi.

Hakuna aliyelazimishwa. Ndivyo itakavyosema sheria, na hakimu yeyote wa Panem angeweza kuapa juu yake. Kila karatasi ya ziada iliwekwa kwa ombi la kijana mwenyewe. Huu ndio ujanja wa kanuni hiyo, nasi tunauona kuwa mbaya kuliko bunduki za askari: kura inabaki kura, bahati inabaki bahati, lakini mwenye njaa amejisogeza mwenyewe karibu na kifo, kwa hiari yake, kwa ajili ya unga. Asubuhi ya kuchaguliwa, ambayo kwa kejeli inaitwa Siku ya Mavuno, Gale anamkasirikia yule binti wa meya kwa sababu ya gauni lake jeupe. Binti hakutunga kanuni. Gale mwenyewe analijua hilo, maana akiwa porini hulalamika kwamba tesera ziliwekwa hasa ili wachimba makaa wenye njaa wawachukie wale wenye uhakika wa chakula cha jioni, wasije wakaaminiana kamwe. Anajua, na bado anamkasirikia.

Tulipofika hapo tulifunga kitabu kwa muda. Wengi wenu mnakumbuka ule mwaka mvua zilipokatika misimu miwili mfululizo. Tume hii ilipokea magunia ya mahindi kwa ajili ya kaya zilizoishiwa. Tuliogopa kusemwa kwamba tunawazoesha watu vya bure. Tukakaa kikao, tukasali, tukapitisha utaratibu: kila debe la mahindi lilipiwe kwa siku moja ya kazi ya ujenzi. Hakuna aliyelazimishwa. Asiyetaka mahindi hakuchimba. Kaya yenye watu watatu ilichukua debe moja ikachimba siku moja. Kaya ya mjane mwenye watoto wanane ilichukua matatu ikachimba siku tatu. Na kwa kuwa mama huyo alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, waliokuja na jembe ni wale wakubwa wawili, siku za shule, na karani wetu aliandika majina yao kwa mwandiko safi. Wale waliokuwa na akiba ghalani walipita barabarani wakiwaona wenzao wakichimba, na haukupita mwezi wakawapa jina: watu wa debe. Jina hilo bado linatumika. Tumelisikia mwaka huu kwa masikio yetu, mtoto akimtukana mwenzake kisimani.

Msingi waliouchimba ni wa ukumbi huu tulioketi.

Hatusemi kwamba tulichofanya ni sawa na kuua watoto. Tunasema kwamba umbo la kanuni ni moja: mwenye midomo mingi nyumbani ndiye aliyelipa zaidi, na kila mmoja wetu aliyepiga kura kikaoni alikwenda kulala akiamini kwamba ametenda haki.

Turudi Panem. Ziko kanuni nyingine nyingi tutakazozipita haraka. Wilaya za 1, 2 na 4 zinapendelewa, na huko baadhi ya vijana hulishwa na kufundishwa vita tangu utotoni ili wakashinde. Kwa hiyo maskini wa wilaya ya 12 huwachukia hao kuliko anavyoichukia Capitol. Kijana anayeshinda hupewa nyumba nzuri, na wilaya yake hupelekewa chakula kwa mwaka mzima, ili majirani wafurahie kwa matumbo yao kwamba watoto wa wengine wamekufa. Huko Capitol kwenyewe, karamuni, watu hunywa kinywaji cha kutapisha ili waendelee kula. Anayehukumiwa kuwa msaliti hukatwa ulimi na kufanywa mtumishi. Na askari wanaosimamia yote haya wanaitwa Walinda Amani. Sisi ambao tume yetu imebeba neno hilo hilo tulilisoma kwa haya kidogo.

Lakini kuhusu askari hao kuna jambo la kutazamwa polepole. Uzio wa wilaya ya 12 unatakiwa kuwa na umeme saa 24. Kwa kweli una umeme saa mbili tatu tu za jioni. Kuwinda nje ya uzio ni kosa la kifo, na Katniss anawinda karibu kila siku. Anauza nyama katika soko la magendo, na wateja wake wazuri ni Walinda Amani wenyewe, ambao nao wamechoka na chakula kibaya. Msomaji anapumua: kumbe sheria si kali hivyo! Katika kitabu cha pili analetwa mkuu mpya wa askari. Habadilishi sheria hata moja. Anaitekeleza tu ile iliyokuwepo: Gale anakamatwa na bata mzinga wa porini, anafungwa kwenye nguzo uwanjani na kuchapwa mpaka nyama inaonekana, soko linachomwa moto, uzio unawashwa usiku na mchana. Sheria ambayo kila mtu anaivunja kwa kufumbiwa macho haijafa. Imewekwa akiba. Kwa muda wote ule wa upole, kila aliyekula nyama ya Katniss alikuwa mhalifu aliyesubiri siku yake. Mama anayeuza mkaa bila kibali, akitoa kidogo kila Jumamosi ili apite, anaielewa sura hiyo kuliko sisi tuliosoma.

Mnatuuliza, je, mpango wa namna hii unaanza kupasuka wapi? Katika kitabu hauanzi kupasuka kwa silaha. Rue anauawa uwanjani. Katniss anampamba kwa maua ya porini na kumwimbia, na watu wa wilaya ya 11 wanaona. Kisha unashuka kwa parachuti mkate mdogo, mweusi, wenye umbo la mwezi mwandamo na mbegu juu yake. Kila wilaya ina mkate wake, na huo ni wa wilaya ya 11. Watu wanaochapwa viboko wakila tunda la shambani wamechanga fedha wasizokuwa nazo kununua mkate kwa ajili ya mtoto wao, na alipokufa wameupeleka kwa mtoto wa wengine. Haijawahi kutokea. Watawala wa Panem walikuwa wamejiandaa kwa mapanga na kwa mabomu, lakini hawakuwa na kanuni juu ya mkate kuvuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Baadaye Katniss anafika wilaya ya 11 kama mshindi na kuwashukuru hadharani. Mzee mmoja katika umati anapiga mluzi wimbo wa Rue, na watu wote wanainua vidole vitatu, ishara ambayo katika wilaya ya 12 ni ya kumuaga mpendwa. Mzee huyo anapigwa risasi palepale. Na hapa tunaanza kumjibu mzee wetu wa mlangoni: mwaka 2014, baada ya jeshi kutwaa madaraka nchini Thailand, wananchi waliinua vidole hivyo hivyo vitatu barabarani, na wapo waliokamatwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 ishara ilionekana tena Myanmar, baada ya mapinduzi ya huko. Nchi isiyokuwepo ilikuwa imewapa watu waliopo kitu cha kusemea pale waliponyimwa maneno.

Hata hivyo, hatutaki mtoke hapa mkidhani kwamba kitabu hiki ni cha kuwasifu walioonewa. Katika sehemu ya tatu inabainika kwamba wilaya ya 13 haikufa. Imejificha chini ya ardhi, na ndiyo inayoongoza mapambano. Huko hakuna karamu wala anasa. Kila mtu asubuhi huchapwa mkononi ratiba ya siku, chakula kinapimwa, na kutoka na kipande cha mkate katika chumba cha kulia ni kosa. Rais wake, mama aitwaye Coin, anaposhinda vita anawaita washindi saba wa Michezo waliobaki hai na kuwauliza: je, tufanye Michezo mara moja ya mwisho, kwa kutumia watoto wa Capitol? Wanapiga kura. Watatu wanakataa, wanne wanakubali, na Katniss ni mmoja wa hao wanne. Muda mfupi baadaye anamuua huyo rais badala ya mtawala wa zamani aliyepewa kumuua. Je, kura yake ilikuwa hila au ilikuwa kisasi cha kweli, akiwa mdogo wake amekwisha kufa? Vijana wetu walibishana jioni nzima bila kukubaliana, nasi wazee tuligawanyika vilevile. Wengi wetu tunaona kwamba aliyekaa muda mrefu upande mmoja wa uzio huota ndoto ya kuuhamisha, si ya kuung'oa.

Mzee wetu, tunarudi kwako. Ya kwetu ya kuzungumza hatujayakosa. Utaratibu wa debe haukufutwa. Uko katika kumbukumbu za vikao kama ulivyopitishwa, na mvua za mwaka huu mnaziona. Mwezi ujao tume itakaa tena kugawa. Daftari la zamu za ujenzi tumelileta, liko hapa mezani. Baada ya chai tutaomba wale ambao majina yao yameandikwa humo, au watoto wao, wazungumze kwanza. Sisi tuliopiga kura tutasikiliza, na katibu ataandika.